Kumfuata Baba Wambui Thika

Niliondoka kwa sababu kitanda kilikuwa kimekuwa kipana mno. Mume wangu, Baba Wambui, alikuwa rumande wiki mbili, na siku hiyo mahakama ya Thika ingeamua kama atarudi nami nyumbani au atapelekwa gerezani.

Gatongora, asubuhi. Nilipewa lifti na jirani yetu Mama Ciru, anayepeleka nyanya sokoni kwa pikapu yake.

“Panda, lakini ukikalia nyanya zangu tutalia sote,” akasema. “Hebu niambie, huyu mzee alishikwaje na gari la mama yake?”

Nikamwambia. Leseni yake ilikuwa imesimamishwa na mahakama kwa mwaka mmoja, baada ya kuendesha lori la mchanga kwa fujo. Aliacha lori kabisa. Lakini Jumapili moja mama yake alitaka kupelekwa kanisani Makongeni, naye mume wangu akashika usukani wa gari lake.

Juja, ukungu ulikuwa ukiinuka. Malori yalitupita, nami nikamtafuta katika kila dirisha, kana kwamba angeweza kuwa humo.

Thika, saa nne. Aliletwa kizimbani akiwa amekonda. Mwanzoni alikuwa amekana mashtaka, sasa akakiri.

“Ulijua leseni imesimamishwa?” hakimu akauliza.

“Ndiyo, mheshimiwa. Lakini nilifikiri nimezuiwa kazi ya lori tu. Hilo gari la mama ni la kanisa na soko tu.”

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.

“Aliyesimamishwa ni wewe, si lori. Gari la mama, la jirani, hata la bwana harusi, huruhusiwi kuliendesha barabarani. Kwa kosa hili ningeweza kukufunga.”

Nilishika ukingo wa benchi. Hakimu akaandika kwa muda mrefu, kisha akasoma: faini, na mwaka mwingine bila leseni, kuanzia ule wa kwanza utakapokwisha. Akirudia, jela.

Faini tulilipa kwa mchango wa kanisa lile lile. Alipotoka nje, nilimshika shati mbele ya askari bila aibu.

Kurudi, alasiri. Tulikaa watatu mbele kwenye pikapu ya Mama Ciru, yeye dirishani, mguu wake ukikanyaga breki isiyokuwepo.

“Mama Ciru, weka gia ya nne.”

“Nyamaza wewe! Mwenye leseni hapa ni nani?”

Tulicheka hadi Ruiru. Mama Ciru alituacha kwenye lami akapitia sokoni, nasi tukaanza kutembea kuelekea nyumbani. Sikuwahi kuipita njia ile naye kwa miguu. Daima alikuwa na haraka, injini ikinguruma. Nilitaka iwe ndefu. Nilikuwa nimejifunza kwamba adhabu hii haifungi gari, humwandama mtu hadi ndani ya viganja vyake, na kwamba miaka hiyo yote mkewe ataitumikia adhabu hiyo pamoja naye.

Barabarani nyuma yetu, lori lenye mzigo likaanza kupanda mlima. Akasimama.

“Dereva amechelewa kushusha gia,” akasema polepole. “Sikia linavyolia.”

“Twende, Baba Wambui. Mtoto anakungoja.”

“Nakuja.”

Lakini hakusogea. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu, na uso wake ulikuwa umegeukia barabara. Nikasimama kando yake mpaka sauti ya lori ikaisha kabisa.