Mashine ya Pili Iende Bute

Wateja wa mtandao mjini Garissa hawalijui jina la Ruweyda, wala hawana sababu ya kulijua. Wanachojua ni kwamba ukiandika jina la tovuti, inafunguka. Yeye ndiye mtunzaji wa mashine inayogeuza majina hayo kuwa namba, na ile ya zamani ilikuwa imechoshwa na joto. Kampuni ikamtaka achague nyingine.

Wiki mbili nzima yeye na Kaaha, fundi mwenzake, walijaribu programu tatu. Walibishana, wakachekana, wakanywa chai ya maziwa ya ngamia mpaka wakaikinai. Mwishowe wakachagua programu nyepesi isiyo na makuu, na kompyuta mbili ndogo zisizo na feni, maana vumbi la Garissa halina huruma na feni. Kaaha ndiye mtu pekee aliyeelewa raha ya kazi hiyo. Wengine wote, hata mamake Ruweyda, walidhani anauza simu.

Salah, mwenye kampuni, alitaka mashine moja kubwa badala ya mbili ndogo.

"Mchagua nazi hupata koroma, abaayo, dada yangu," alimtania. "Moja kubwa inatosha."

"Adeer," Ruweyda alimwita kwa heshima kama ami yake, "ngamia zako ziko wapi?"

"Nusu iko Diff, nusu iko Bute."

"Mbona usiziweke pamoja?"

Mfugaji haachi kundi zima mahali pamoja likisubiri ukame; hilo hata mtoto analijua. Salah akaweka kikombe chini, akakubali mashine mbili, ya pili iende Bute, mbali kaskazini. Ruweyda alijiona bingwa kwa muda mfupi sana.

"Lakini kundi haliendi bila mchungaji," Salah akasema. "Kaaha ataenda nayo. Kwao ni huko hata hivyo."

Mfano ulikuwa wa Ruweyda. Alijipalia makaa mwenyewe. Kaaha aliondoka Alhamisi, akaahidi kuandika kila siku, na mwezi wa kwanza aliandika kweli; kisha ujumbe ukakatika.

Umeme ukipotea huku, mashine ya kule hujibu, na wateja hawahisi kitu. Salah huwasimulia wageni uamuzi huo kana kwamba ni wake. Ruweyda husema alhamdulillahi.

Jana alipata njia ya kuharakisha majibu maradufu, jambo alilolitafuta tangu Ramadhani. Alifurahi mno, akazunguka chumba kizima, na hakuwa na mtu wa kumwambia.