Kinyesi cha Asubuhi kwenye Sakafu ya Bahari

Kwa miaka ishirini na mitatu nimewafundisha wasichana wa Eldoret habari za bahari kuu, nami ni mtu aliyeingia baharini mara moja tu, hadi magotini, viatu mkononi, wakati wa mkutano wa walimu wa sayansi uliofanyika Mombasa. Maji yalikuwa na joto kuliko nilivyotarajia, na yalinichukulia leso. Kwa ujuzi huo nimetoa alama, nimekata alama, na nimewaonya wanafunzi wasithubutu kukisia. Hapa tulipo tumeinuka zaidi ya mita elfu mbili juu ya usawa wa bahari. Anayetaka kujitenga zaidi na viumbe wa vilindini itambidi ahamie Timboroa, juu zaidi milimani.

Ndiyo maana tangazo lilipokuja kwenye kikundi cha walimu wa biolojia, niliomba nafasi kabla sijamaliza kulisoma. Meli ya utafiti ingeshusha roboti yenye kamera hadi kwenye sakafu ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita tatu chini, na picha zingerushwa moja kwa moja kwenye mtandao. Walitafutwa watu wa kujitolea, popote walipo, wa kutazama na kuorodhesha kila kitakachopita mbele ya kamera. Kazi ilikuwa saa mbili kila alasiri kwa wiki mbili za majaribio. Orodha ya kila mtu ingelinganishwa na ya wataalamu waliokuwa melini. Atakayefaulu angeendelea na awamu ya pili, na jina lake lingeingia katika ripoti miongoni mwa waangalizi. Atakayeshindwa angeshukuriwa. Nimefundisha muda mrefu wa kutosha kujua maana ya kushukuriwa.

Niseme wazi, kwa kuwa umri wangu sasa unaniruhusu: nililitaka jina hilo kwenye ripoti kuliko nilivyowahi kukitaka cheo chochote shuleni. Nilitaka, kabla ya kustaafu, nijue jambo moja tu kuhusu bahari ambalo sikulitoa katika kitabu kilekile ninachowasomea wengine.

Likizo ya Agosti ikafika, na pamoja nayo akafika mama mkwe wangu kutoka Cheptiret. Magoti yalikuwa yanamsumbua na daktari wa mjini alitaka kumwona mara kwa mara. Alikuja na mfuko wa nguo, maziwa ya mgando ya mursik ndani ya jerikani ya plastiki (kibuyu, alinieleza, ni cha wageni), na ile imani yake ya siku nyingi kwamba mwanawe alioa binti wa duka. Hakukosea. Wazazi wangu walihamia huku kutoka Mkoa wa Kati wakafungua duka, na ng'ombe niliyemfahamu vizuri utotoni ni yule aliyechorwa kwenye pakiti ya maziwa.

Niliweka kompyuta kwenye meza ya kulia chakula. Yeye alikaa nyuma yangu kwenye kochi, mguu juu ya stuli, akichambua maharagwe kwenye sinia.

"Mwalimu," akauliza siku ya kwanza, "hiyo TV imeharibika?"

"Si TV, Mama. Ni bahari. Chini kabisa."

"Maji iko wapi?"

"Yote hayo ni maji. Kamera iko ndani yake."

"Mimi naona tu shamba ililimwa ikaachwa."

Kilichonikera ni kwamba sikuwa na maelezo bora kuliko hayo. Sakafu ya bahari, kwa wale ambao bado wanaiota, ni matope. Ni matope ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, na juu yake chembechembe zinadondoka polepole kama vumbi la unga kwenye posho mill. Nilimweleza, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba huko hakuna mwanga wala majani, na kwamba wanyama wa huko hula mabaki yanayoanguka kutoka juu.

"Kumbe wanangojea wa juu washibe kwanza," akasema. "Hiyo hata hapa iko."

Wiki ya kwanza nilifanya kazi kwa bidii iliyovuka mipaka. Siku ya pili niliona sponji ya baharini, nikaiandika, na kwa ukarimu nikaipa na ukoo wake wa kisayansi. Lilikuwa jiwe. Siku ya nne niliandika samaki mkubwa mweusi. Kilikuwa kivuli cha roboti yenyewe. Mratibu wa watazamaji, msichana aliyekuwa melini na mwenye adabu ya kuumiza, aliniandikia mara zote mbili: "Tunathamini sana shauku yako. Tungependa tu uandike kile unachokiona." Sentensi hiyo nimeiandika mimi mwenyewe kwenye madaftari ya watoto mara zisizohesabika, kwa wino mwekundu, bila kujua ina ladha gani.

Tangu hapo nikawa mwoga. Programu ilikuwa na vitufe vitatu: Kiumbe, Alama, na Hakuna. Nilikipenda Hakuna. Hakuna hakimwaibishi mtu.

Jumatatu ya wiki ya pili, kamera ilipita juu ya kitu kama kamba nene iliyolazwa juu ya matope. Ilikwenda, ikajikunja, ikarudi sambamba na yenyewe, ikajikunja tena, nadhifu kama mstari wa kushonea. Niliitazama nikaamua ni alama ya mkondo wa maji.

"Hiyo ni mavi," sauti ikasema nyuma yangu.

"Mama?"

"Mavi. Hapo. Kwani hujui mavi?"

"Hiyo ni alama ya mkondo, Mama. Maji ya chini huchora matope."

"Maji ichore kamba, ikunje, irudi, ikunje tena pahali ileile?" Akarusha haragwe bovu kando. "Basi hiyo maji imeenda shule."

Mimi nina shahada, na juu ya shahada nina stashahada ya kufundisha wengine kile nilichosoma. Nikabonyeza Alama, nikaandika: mkondo wa maji.

Jioni ulinganisho ukaja. Wataalamu wote walikuwa wameandika kitu kimoja: kinyesi cha mnyoo wa vilindini. Kosa la tatu. Hawakunishukuru siku hiyo; nadhani walisubiri Ijumaa, kwa heshima. Mama mkwe sikumwambia neno. Naye hakuuliza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa ni mwanamke anayeuliza hata bei ya chumvi aliyoiona jikoni.

Jumatano mvua ya mawe ilianza mapema. Mawe yalipiga mabati hadi tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea kamba nyingine. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nikakiondoa, nikageuza kiti.

"Mama, na hii?"

Hakunicheka, ingawa alikuwa na haki. Aliweka sinia chini, akaomba miwani yake, akasogea kwa kujishikilia kwenye meza, akaikazia macho picha kwa namna ambayo sijawahi kumwona akikitazama kitabu.

"Hii ni ya leo," akasema. "Ile ya Jumatatu ilikuwa imelala, vumbi imeifunika. Hii mgongo yake bado imesimama. Asubuhi hii. Na angalia, kule imezeeka, imeanza kubomoka. Huku bado ni mbichi. Alitoka kule akija huku. Huyo anakula akitembea, kama mbuzi. Hajaenda mbali."

"Upande gani?"

"Kushoto. Sasa mbona hiyo gari yao inaenda kulia?"

Roboti ilikuwa kweli inageukia kulia. Kulikuwa na kidirisha cha kuwaandikia waliokuwa wakiiongoza, nami sikuwahi kukigusa. Ni wataalamu tu walioandika humo, kwa vifupisho.

"Waambie warudi," akasema.

"Siwezi kuwaambia, Mama. Hao ni wanasayansi."

"Na wewe ukienda shule kila siku unaenda kuwa nani?"

"Na kama hayuko? Nimeshakosea mara tatu. Watanitoa."

Ndivyo alivyojua habari za Jumatatu. Akanitazama juu ya miwani. "Ng'ombe ikipotea unatafuta. Ukikosa umekosa. Hakuna mtu hutolewa kwa boma juu ya kutafuta."

Nimewaadhibu wasichana kwa kutoinua mikono. Nimewaambia kwamba mwenye kuogopa kuuliza hana haja ya kuja darasani. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: "Kinyesi kinachoonekana ni kipya. Mnyama huenda yuko karibu, upande wa kushoto. Je, mnaweza kurudi?" Niliposoma nilichotuma, niligundua kwamba hiyo ndiyo sentensi yangu ya kwanza katika sayansi, na kwamba neno lake la kwanza ni kinyesi.

Picha ikasimama. Kwenye spika, mwongozaji wa roboti akasema kwa sauti ya uchovu, "Tuna ombi kutoka ufukoni."

Ufukoni! Ndivyo wanavyomwita kila asiyekuwa melini. Nikachungulia dirishani kuona ufuko wangu: mawe ya mvua yakijaa kwenye sukumawiki, na ndama wa jirani akijibanza ukutani. Kwenye kioo, taa za roboti zikaanza kugeuka polepole kuelekea kushoto, zikamulika kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu...

Stima ikapotea. Intaneti ya nyumba ikapotea nayo. Simu yangu ilikuwa na chaji ya kutosha kunionyesha kwamba haina mtandao.

"Wamefika?" akauliza.

"Sijui, Mama. Stima."

"Atakuwa hapo," akasema, akarudi kwenye maharagwe yake.

Stima ilirudi wakati wa chakula cha jioni, nikaiacha sahani na kuifungua rekodi. Alikuwepo. Mnyoo wa rangi ya zambarau, mrefu kama mkono kutoka kiwikoni, mwili laini wa kuonyesha ndani, akila matope mbele na kuyatoa nyuma kwa wakati mmoja, kwa utulivu wa mtu asiye na mkutano wa kuhudhuria. Melini walipiga kelele kama waliofunga bao. Nikamwita mama mkwe aje kuona.

"Ndio huyo?"

"Ndiye, Mama."

Akamtazama kwa muda. "Amekonda," akasema.

Chini ya rekodi kulikuwa na ujumbe wa mratibu. Pongezi nyingi, safari hii bila adabu ya kuumiza, na fomu ya kujaza: jina la aliyetambua dalili, na msingi wa utambuzi wake. Msingi ulipaswa kuchaguliwa katika orodha: machapisho, mafunzo, uzoefu binafsi, mengineyo. Nikachagua uzoefu binafsi. Nikaandika jina langu juu yake. Vilipendezana. Nani melini angejua? Ijumaa ilikuwa siku mbili mbele, makosa yangu yalikuwa matatu, na hapa palikuwa na kitu cha kuyafuta yote.

"Mwalimu," akaita kutoka kwenye kochi, "niletee maji ya dawa."

Nikampelekea. Akameza vidonge vyake, akanirudishia kikombe, akaanza kujikanda goti. Hakuwa amenishuku kwa lolote. Nikarudi mezani, nikafuta jina, nikachagua mengineyo, na kwenye nafasi ya maelezo nikaandika: "Mama mkwe wangu, mfugaji wa ng'ombe, Cheptiret. Alisoma kinyesi. Jumatatu pia alikuwa sahihi. Aliyeandika mkondo wa maji ni mimi, nikiwa nimeshaambiwa." Nikatuma haraka, kabla shahada haijajitetea.

Ijumaa walinishukuru. Barua ilikuwa ndefu na nzuri, na ilikuwa na aya ya pili. Waliuliza kama mama wa Cheptiret angekubali kuwa mwangalizi katika awamu ijayo, na kama mimi ningeweza, endapo nina nafasi, kumwandikia anayoyasema.

Nilimsomea. Alisikiliza hadi mwisho huku akikunja nguo zake, maana siku ya pili yake alikuwa anarudi kwake.

"Waambie niko na ng'ombe inazaa."

"Mama, ni heshima kubwa."

"Hata kuzaa ni kubwa." Akafunga mfuko. "Lakini kama unataka, kuja na hiyo mashini yako huko. Saa ya kukamua isiguswe."

Nikaenda. Mtandao wa Cheptiret unapatikana vizuri mahali pamoja tu, kando ya boma la ng'ombe, na hapo ndipo kilipowekwa kiti chake, na stuli yangu. Siku ya kwanza tulifika mapema. Roboti ilikuwa bado inashuka, na kwenye kioo hakukuwa na kitu ila weusi. Mama mkwe akatazama weusi huo kidogo, akachoka, akanyoosha fimbo yake kuelekea kwenye mavi ya ng'ombe, mbele ya viatu vyangu.

"Hii ni ya saa ngapi?"

Nikainama kuitazama, kwa makini yote ya kitaaluma. "Ya jana jioni," nikasema.

"Mwalimu," akasema. "Gusa."