Jitaje Chini ya Mtarakwa

Usiku ule wa kuamkia sherehe ya shule nililala na hotuba chini ya mto, maana nilikuwa naiogopa. Ukumbini zilikwisha kutundikwa picha kumi na mbili za watu mashuhuri wa kaunti yetu, na asubuhi ningeifunua ya kumi na tatu, ya babu yangu Kirui, aliyewaongoza watu kuuzima moto wa msitu ulipokaribia kuuteketeza mji. Wote wanamjua kwa moto ule. Wasichojua walimu wenzangu, waliohamia hapa miaka mingi baadaye, ni kwamba Babu alikuwa Mwogiek, wa jamii ya warina asali wa msituni, nami ni Mwogiek. Tangu siku zangu za bwenini, wasichana walipowacheka watu wa msituni, nilijiita Mkipsigis kama majirani zetu. Juzi tu mwalimu Wanjiru, ninayeishi naye nyumba moja, alitutolea mzaha kuhusu wala asali, nami nikacheka mpaka machozi. Basi kwenye hotuba nikaandika: mzee wa Kikipsigis. Nikajiambia mstari mmoja hautamuumiza marehemu.

Usingizi ulinichukua kwa shida. Nikajiona nimesimama ukumbini mchana kweupe, wanafunzi wamejaa, nami navuta kitambaa cha picha. Kitambaa hakiishi. Navuta, kinazidi kuja, kinanijaa mikononi, na mwalimu mkuu anatazama saa yake. Kule mlangoni namwona Babu. Amevaa koti lake la kahawia lenye tundu la cheche begani, mkoba wa ngozi wa asali uko kwapani. Bawabu anapitisha kidole kwenye orodha ya wageni, kisha ananiuliza kwa mbali kama namfahamu mzee huyu. Ukumbi mzima unanigeukia. Nainamia kitambaa, naendelea kukivuta kana kwamba sikusikia. Aibu niliyoiona pale bado inanichoma hata sasa ninaposimulia.

Babu hakugombana na mtu. Aligeuka akaondoka, nami nikamfuata, na sakafu ikawa majani makavu, na tayari tuko chini ya mtarakwa wetu, mzinga wake uko palepale juu. Nilikuwa na miaka saba aliponifundisha: usipande kabla hujasimama chini ya mti ukajitaja kwa sauti, jina lako, la baba yako, na watu wako, nyuki wasije wakakudhania mwizi. Mjomba wangu aliwahi kufanya utani akajitaja kwa jina la jirani. Alirudi nyumbani uso umevimba hata mkewe akashindwa kujizuia kucheka.

Babu ananyoosha kidole juu.

"Jitaje."

Nataja jina langu. Nataja la baba. Kisha nasema mimi ni Mkipsigis, na mzinga unaanza kuvuma. Nasikia harufu ya moshi. Nyuma yangu msitu unawaka, ni moto uleule, na watu wanakimbia huku na huku wakiuliza yuko wapi yule Mwogiek anayejua vijito vilipo. Namvuta Babu mkono, namwambia anaitwa, aende, mji utateketea. Hatikisiki. Nyuki wamenitanda usoni, naye ananitazama kwa macho yale ya upole niliyoyakosa miaka mingi.

"Siku ya moto waliniita kwa jina la watu wangu," anasema. "Wewe kesho utaniita kwa jina la watu wa nani?"

Nikaamka nimelowa jasho, mikono imeng'ang'ania shuka. Jua lilikuwa dirishani, na jikoni Wanjiru alikuwa anachemsha chai. Niliichomoa hotuba chini ya mto, nikaukata ule mstari kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, nikaandika mwingine juu yake. Kisha nikasimama peku katikati ya chumba nikajitaja kwa sauti: jina langu, la baba yangu, na watu wangu.

Wanjiru alitokea mlangoni na kikombe mkononi, akaniuliza najitambulisha kwa nani asubuhi yote hii. Nikamgeukia, nikarudia tangu mwanzo.