Miaka Yangu na Daftari la Macheo

Siku ya kwanza kazini nilifika nimevaa shati la kuazima, cheti cha kidato cha nne kikiwa ndani ya bahasha, na usiku kucha nilikuwa nimekariri tofauti ya nati na bolti. Kampuni ilikuwa ya kuchimba visima virefu, yadi yake ilikuwa hapa Kasulu kandokando ya barabara ya kwenda Kibondo, na nafasi iliyotangazwa ilikuwa ya mtunza stoo. Meneja wa Mradi alikuwa Mhindi, ila si wa wale wa maduka tuliowazoea. Alitoka kusini mwa India, kwa watu wanaosema Kitelugu. Kiswahili alijifunzia kwa mafundi wa mitambo, kwa hiyo alikuwa na matusi mengi kuliko salamu. Nati na bolti hakuziuliza. Alinitazama juu hadi chini, akasema:

"Babu, hapa Kasulu jua natoka saa ngapi?"

Kwao kijana huitwa babu kwa mapenzi tu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikaona nimezeeka kabla ya kuajiriwa. Nikajibu bila kufikiri, "Saa kumi na mbili asubuhi, bosi." Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo atakavyokujibu Mtanzania yeyote ukimwamsha usingizini.

"Umeona kwa macho?"

Kwa macho nilikuwa sijaona. Mimi ni mtu wa nyumbani, na ndani ya nyumba ni mtu wa blanketi. Jua na mimi tulikuwa tukikutana likiwa limeshapanda kazini kwake.

"Kesho njoo saa kumi na moja na nusu. Leta sweta."

Kesho yake tukasimama uani, wawili tu, yeye na saa ya mkononi aliyoirekebisha kwa redio. Saa kumi na mbili ikapita, giza. Saa kumi na mbili na nusu, kijivu. Ukingo wa jua ulipochungulia juu ya vilima ilikuwa saa moja na dakika tatu. Saa ya nchi hii imepangwa kwa jua la mashariki kabisa, na sisi tuko ukingoni magharibi tunapakana na Burundi, basi jua linatufikia kama mgeni aliyepitia kwa ndugu zake wote kwanza.

"Miaka ishirini na moja unakaa hapa," Meneja alisema, "na jua lako hujui. Haya, kazi umepata."

Sikuelewa nimepata kazi gani. Mchana nilikabidhiwa funguo za stoo, na pamoja nazo daftari lenye safu tatu zilizopigwa rula: tarehe, saa ya macheo, hali ya anga. Niliajiriwa kutunza biti za kuchimbia, mabomba na grisi. Nikaishia kutunza jua.

Niwaeleze vijana ile ilikuwa nini, maana mkinisikia juujuu mtadhani tulikuwa waganga.

Watelugu wana kalenda yao ya mwezi, na mwezi wao huanzia mwezi unapoandama. Kila mwezi una vipande thelathini vinavyoitwa tithi. Fikiria jua na mwezi wamesimama pamoja, kisha mwezi unaanza kuliacha jua. Ukiliacha kwa digrii kumi na mbili, tithi moja imekwisha, inaingia ya pili, hivyo hivyo mpaka mwezi umezunguka na kulikuta jua tena. Kasheshe ni kwamba mwezi hauendi mwendo mmoja. Mara unakimbia, mara unajikokota, kwa hiyo tithi yaweza kuwa ya saa kumi na tisa au ishirini na sita, na huingia wakati wowote upendao, mchana au usiku. Sasa siku ipewe jina la tithi ipi? Kanuni yao kwa mambo mengi ni moja: ile inayokuwepo jua linapochomoza ndiyo yenye siku.

Unaona balaa lilipo. Kalenda ya ukutani ilichapwa kwao, kwa macheo ya kwao. Jua linapofika Kasulu, kwao limeshakuwa juu kwa zaidi ya saa tatu, na katika saa hizo tithi yaweza kuwa imebadilika. Sikukuu yao ya Jumatano ikawa ya Jumanne kwetu. Meneja alikuwa injinia, hesabu za mwezi alizipiga mwenyewe kwa penseli, lakini macheo alitaka ya macho. Baba yake alimfundisha kwamba siku haitoki kitabuni. Yeye mwenyewe saa hiyo alikuwa akioga maji baridi na kusali. Kwa hiyo macho yakawa yangu.

Kilichonichosha zaidi kilikuwa rahukalam. Mchana wote, toka macheo hadi machweo, wanaugawa mafungu manane, na kila siku fungu moja ni baya, halianzishwi jambo. Jumatatu ni fungu la pili. Kwa macheo ya saa moja, hiyo ni saa mbili na nusu hadi saa nne. Kule Muyama tulifika Jumatatu kuanza kisima, kijiji kizima kimejipanga na ndoo, Mwenyekiti kavaa koti. Mtambo umesimamishwa, mafundi wamekaa chini yake wanatafuna miwa.

"Mnasubiri nini?" Mwenyekiti akamuuliza Fundi Mkuu. Fundi Mkuu alikuwa mtu wa palepale Muyama, mrefu, mdomo haukai kimya.

"Muulize yule," akanielekezea mimi. "Mtunza stoo wa mbinguni. Yeye ndiye mwenye funguo za jua."

"Kijana, kuna tatizo?"

"Hakuna, Mwenyekiti. Tunaanza saa nne kamili."

"Dizeli imekwisha?"

"Dizeli ipo."

"Sasa?"

Ningemwambia nini? Nikasema mashine inapoa. Fundi Mkuu akacheka mpaka muwa ukampalia, kwa sababu mashine ilikuwa haijawashwa toka juzi.

Hata dukani sikuwa na amani. Mzee Shabani, muuza vifaa vya ujenzi mjini Kasulu, alikuwa akinisubiri nije kununua glavu ili anibane. Siku moja nilimweleza kwamba miezi kumi na miwili ya mwandamo inapungua siku kumi na moja hivi kwenye mwaka wa jua, kwa hiyo Watelugu, kila baada ya miaka miwili na kitu, huongeza mwezi mzima ili misimu isikimbie.

"Wanaongeza mwezi?" Mzee Shabani akavua miwani. "Nani kawapa ruhusa?"

"Ni hesabu, mzee."

"Sisi Ramadhani inazunguka mwaka mzima, tunaifuata kwenye jua kali, tunaifuata kwenye mvua, hatulalamiki. Wao misimu ikiwasumbua wanachomeka mwezi! Mwambie bosi wako achomeke na wa mishahara."

Nilifikisha ujumbe. Meneja hakucheka.

Baada ya miaka michache mtambo ukahamishiwa Kibondo. Kwa watu wengine Kibondo ni safari ya kawaida. Kwangu ilikuwa ughaibuni. Mke wangu, Mama Domitila, alinifungia blanketi mbili, akasema, "Nenda tu, huko nako kuna kitanda." Laiti angejua.

Tulifika msimu wa mvua, mwisho wa mwaka, na asubuhi mbili za kwanza zilikuwa za mvua, sikuandika macheo. Jumatano jioni Meneja akaniita. Sikuwahi kumwona vile. Ameketi juu ya pipa, kofia mikononi.

"Babu, mama yangu yuko hospitali. Wiki hii wanampasua moyo."

"Pole sana, bosi."

"Nimeweka nadhiri. Nafunga kwa ajili yake, hapana chakula, hapana maji, kutwa na usiku."

Akanieleza. Katika majira hayo iko tithi ya kumi na moja ya mwezi unaokua, ambayo kwao ni kubwa. Wanaamini siku hiyo mlango wa mbinguni unakuwa wazi. Kalenda ya kwao ilisema Ijumaa. Lakini yeye alisimama Kibondo, na kwa hesabu zake tithi ingeingia Alhamisi, saa moja kasoro dakika kumi na moja asubuhi. Jua la Kibondo likichomoza kabla ya dakika hiyo, mfungo ni Ijumaa. Likichomoza baada yake, mfungo ni Alhamisi ileile.

"Ni suala la dakika mbili tatu," alisema. "Kesho angalia vizuri."

"Nitaangalia, bosi."

Nililala na saa ya kengele kichwani. Ikalia. Nikaizima. Kibondo asubuhi kuna baridi ya kuingia mifupani, na blanketi za Mama Domitila zilikuwa mbili. Nilijiambia dakika tano. Nilipofumbua macho ilikuwa saa mbili, jua limejaa dirishani. Nikafungua daftari la Kasulu la mwaka uliopita, nikatafuta tarehe ileile, nikanakili: saa moja kasoro dakika kumi na nne. Kwenye safu ya tatu nikaandika "anga safi", kwa sababu nje, saa mbili hiyo, anga ilikuwa safi. Nikalipeleka.

Meneja alilisoma. "Basi Ijumaa," akasema. "Asante, babu." Kisha akaniagiza nipande lori la Kasulu asubuhi hiyohiyo nikachukue biti mpya, nirudi Jumamosi. Kasulu! Nyumbani! Nilipanda kama mtu aliyesamehewa.

Fundi Mkuu akaja kunipa orodha ya vifaa dirishani mwa lori. "Yewe, leo ulionaje hilo jua lako?" akauliza. "Sisi ukungu ulitubana mpaka saa moja na nusu. Mtambo wenyewe tumeupapasa kama vipofu."

Dereva akawasha gari. Ningeweza kushuka. Hatua thelathini tu hadi ofisini: bosi, nililala, funga leo. Sikushuka. Toka Kibondo hadi Kasulu niliangalia barabara bila kuiona.

Mama yake hakutoka hospitali. Meneja alisafiri, akarudi baada ya wiki kadhaa amenyoa kichwa kama wanavyofanya kwao wakizika mzazi. Nilimkuta langoni, nikampa pole. Akaniuliza tu, "Jua?"

"Saa moja na dakika moja, bosi. Mawingu kiasi."

Toka siku hiyo sikulala tena. Nasema kweli tupu. Tukahamia Manyovu, malori ya mpakani yananguruma kucha, nikaamka. Tukarudi Kasulu, nikaumwa malaria, nikaamka nikitetemeka, Mama Domitila akanishikia tochi akinisonya. Harusi ya Domitila, watu wamelala saa kumi, mimi nikaamka na suti. Mafundi wakaniita Jogoo, jina lililonifuata hadi kanisani. Sikumwambia mtu sababu. Kila nilipoandika safu ya tatu nilimwona yule mama nisiyemjua, kitandani, na mlango wa mbinguni umefungwa kwa sababu ya blanketi langu.

Meneja alistaafu kabla yangu, akarudi kwao. Akaja Meneja Kijana, Mtelugu pia, simu mkononi. "Mzee, hilo daftari la nini? Humu ndani kuna kalenda yote."

"Hiyo simu inajua iko Kasulu?"

Akaangalia. Ilikuwa imepangiwa Hyderabad, mji wa kwao. Aliibadilisha, akaniangalia vibaya wiki nzima, na daftari likaendelea.

Siku niliyoagwa mimi, kulikuwa na soda, hotuba na saa ya ukutani. Kumpa saa mtu kama mimi! Jioni nikamwomba Domitila anipigie Meneja kwa simu ya picha. Akatokea kibarazani kwake, nywele zimebaki mbili tatu.

"Babu! Umestaafu?"

"Nimestaafu. Meneja, nina neno la zamani. Ile Alhamisi ya Kibondo sikuliona jua. Nililala."

Akausogeza uso karibu na simu.

"Uliandika anga safi," akasema.

"Niliandika."

"Babu, saa kumi na mbili na nusu nilitoka kuoga, ukungu mtupu. Mlango wa choo niliutafuta kwa mikono. Halafu naletewa daftari: anga safi." Mabega yakaanza kumtikisika. "Ulipoondoka nilicheka, mama yangu yuko hospitali na mimi nilicheka."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Nikafunga siku zote mbili."

Nilikaa chini. "Na mama?"

"Mama moyo wake ulikuwa umechoka miaka mingi. Hiyo haikuwa kazi ya stoo."

"Miaka yote hii! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeomba msamaha. Ningekusamehe. Na Jumatatu ungelala tena."

Nilimkatia simu. Ndiyo, nilimkatia, mtu mzima wa watu. Nilizunguka uani nikiongea peke yangu mpaka Mama Domitila akauliza kama ni sukari imepanda. Asubuhi zote zile! Malaria ile! Suti ile! Nimebeba mzigo toka Kibondo hadi uzeeni, na mwenye mzigo aliutua siku ileile, akanyamaza makusudi ili apate dakika zake.

Kesho yake jicho likafunguka lenyewe. Nikalilaani.

"Umestaafu," Mama Domitila akasema gizani. "Lala."

"Nimelala."

"Na macho wazi kama samaki?"

Nikaamua kulipa kisasi. Nikiwa chini ya blanketi, bila kuinua hata shingo, nikamwandikia Meneja: "Saa moja kasoro dakika tano. Anga safi." Nikageukia ukutani, nikitabasamu. Simu ikalia kabla sijapata joto.

"Umeona kwa macho?"

Nikasonya. Nikaitazama dari. Kisha nikalitupa blanketi, nikazitafuta kandambili kwa mguu, nikafungua mlango. Nje ukungu ulikuwa mzito, hata jiko la jirani halionekani. Nikajikunyata na sweta langu, nikasimama kusubiri.