Kava Mpya ya Breki ya Mzee

Mzee wangu, baba watoto, hupeleka maziwa sokoni Noonkopir kwa baiskeli, na njia yake inashuka mteremko mpaka barabara kubwa ya Namanga, mahali malori hayamngoji mtu. Siku moja alifinya breki mpaka mkono wake ukagusa usukani, baiskeli ikaendelea tu. Akajitupa kwa mtaro. Maziwa yakamwagika, yeye akainuka goti limechubuka.

Nikamwambia, "Baiskeli tunauza."

"Uza na mimi basi," akajibu.

Raba za breki zilikuwa mpya. Waya ulikuwa mpya. Nikaona basi ni mikono yake imezeeka, na nikasema hivyo, tena mbele ya watu. Sikuona haya.

Kabla ya kuuza tukaenda kwa fundi wa Kitengela, mtu mzima wa Ukambani. Raba hakugusa. Alichomoa waya, akachukua kava yake, lile ganda jeusi ambalo waya hupita ndani, akalikata. Likatoa matope mazito.

"Shosho," akaniita kama bibi yake, "hii ni breki ama ni uji wa mtama? Waya umenasa, na ganda limelegea, nguvu ya mkono inaishia humu. Nani alitia mafuta?"

Mzee akaangalia juu kama mtu anayetafuta mvua.

Ni mimi. Yale mafuta ya kukamulia ng'ombe tunapaka kila kitu: chuchu, visigino, bawaba za mlango. Kila Jumapili nilikuwa nayaingiza kwa breki nikidhani namsaidia. Vumbi la huku kwetu likashikana nayo.

Fundi akaweka kava mpya, ngumu, yenye plastiki laini ndani. Akaikata fupi isijikunje kwa usukani, akasawazisha ncha kwa tupa, akazivalisha vifuniko.

"Vidole viwili vinatosha," akasema. "Na usipake kitu."

Mimi neno la fundi sikubali hivi hivi. Nikasimama katikati ya mteremko, nikamwambia mzee ashuke na mtungi umejaa maji.

"Toka njiani, mama watoto!"

Sikutoka. Akafinya. Baiskeli ikasimama hatua mbili mbele yangu, polepole, hata maji hayakuruka.

"Sasa ni mikono ya nani imezeeka?" akaniuliza.

Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Mafuta nimeyarudisha kwa zizi. Asubuhi akitoka, sisimami tena langoni kusikiliza honi za malori. Nakunywa chai yangu ikiwa bado moto.