Sauti Waliyoifunika kwa Vinanda

Mama Dobi aliwafulia askari wa kambi ya jirani miaka mingi, na kila sare aliitia alama ya uzi ndani ya ukosi asije akachanganya mashati ya watu. Wa uzi mwekundu ana shati lake, wa njano ana lake. Ndiyo maana siku wenye bunduki walipoingia mtaani kukamata vijana na kumburuta mwanawe wa pekee hadi kwenye gari, hakuhitaji kuuliza ni akina nani. Alimng'ang'ania mmoja shingoni, ukosi ukapinduka, akauona uzi wake wa kijani. Shati lile alikuwa amelipiga pasi asubuhi hiyo hiyo.

Serikali ikatangaza kwamba vijana wa mtaa ule walitoroka kwenda kujiunga na waasi. Basi, mtoto wa watu akawa msaliti, tena bila hata kaburi. Wifi yake akakata salamu. Mumewe, fundi viatu ambaye tangu zamani alikuwa mwoga hata wa mgambo wa soko, akamsihi afunge mdomo, naye akaufunga kwa miaka.

Kisha wakaja watu wa kutengeneza filamu ya vita ile, wakitafuta wanawake wa kulia mbele ya kamera. Mwongozaji, kijana mpole wa ndevu zilizochongwa, alimkalisha mbele ya beseni lake.

"Mama, usiigize. Sema tu yaliyokukuta."

Akasema. Alitaja kambi, gari, ukosi na uzi, na jina la mwanawe akalirudia mpaka koo likakauka. Mwongozaji alifuta machozi. "Mama, umetumaliza," alisema.

Mumewe aliposikia, alisukuma sahani kando. "Mke wangu, umetuua!"

"Acha watuue, mzee wangu. Lakini mwanangu si msaliti, na safari hii watu watasikia."

Filamu ilipokamilika watu wa mtaa walioneshwa mchana, katika ukumbi wa shule uliozibwa madirisha kwa mablanketi. Mama Dobi alimbembeleza wifi yake mpaka akakubali kwenda naye. Mwongozaji alisimama mbele akajigamba kwamba filamu yake haina upande, na kweli haikuwa nao. Askari na waasi walivaa nguo za rangi moja ya vumbi. Bendera hakuna. Risasi zilitoka kwenye moshi, watu wakaanguka, na aliyefyatua hukumwona. Ungedhani vita ni mvua, imenyesha tu.

Halafu uso wake ukajaa ukuta mzima. Mama Dobi alimfinya wifi yake mkono. "Sikiliza sasa," alimnong'oneza. Mdomo ule mkubwa ukafunguka, na vinanda vikaanza kulia. Vikalia taratibu, vizuri kweli, huku mdomo ukienda bila sauti, kambi, gari, ukosi, yote yakipita hivi hivi.

Aliinuka akaanza kuyasema mwenyewe gizani.

"Mama, kaa chini, unatuziba!" mtu akafoka nyuma yake.

Alikaa. Wifi yake alikuwa analia kwikwi. "Pole, wifi yangu. Nisamehe. Wale waasi waliomdanganya mtoto wetu, Mungu atawalipa."

Mlangoni Mama Dobi alimkamata mwongozaji shati. "Maneno yangu yako wapi?"

"Mama, maneno yale yangetugawa. Uso wako unatosha." Akampa pole kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaenda kupiga picha na wageni.

Nyumbani alimkuta mumewe ameketi kwenye ukingo wa kitanda, amevaa koti na viatu, mfuko wa nguo za wote wawili uko magotini.

"Wanakuja?" aliuliza mzee.

"Hawaji. Sauti waliitoa. Hakuna aliyesikia neno."

Mzee alimtazama kwanza kama haamini. Kisha akashusha pumzi, akainama kufungua kamba za viatu, na akacheka, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu mtoto achukuliwe.

"Tumepona, mke wangu," alisema. "Tumepona!"

Mama Dobi alibaki amesimama mlangoni, akamchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote aliyeshika bunduki.