Piano iliyoifuata marimba

Saa mbili kasoro robo asubuhi, wanafunzi hawajaingia madarasani, na ukumbi wa shule una harufu ya deki iliyotoka kupigwa. Mwanamke mmoja wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, ameingiza kichwa ndani ya piano kama mtu anayetafuta pete iliyoangukia mvunguni. Anabonyeza sauti moja. Anasikiliza. Anazungusha ufunguo wake wa chuma upana wa unywele, anabonyeza tena.

"Ukitaka kupumua, pumua polepole," anamwambia mwandishi bila kugeuka. "Hapa nagombana na uzi mmoja. Usiniongezee wa pili."

Wateja wake wanamwita Bi Sikio. Jina lake halisi, anasema, siku hizi linatumiwa na mama yake na watu wa benki tu. Ana miaka hamsini na minne, na ishirini na saba kati ya hiyo ameitumia kurekebisha sauti za piano za watu: za shule, za kumbi, za nyumba ambako piano imegeuzwa meza ya kuwekea picha za harusi.

Kazi yenyewe inapungua. Zamani alikuwa akihudumia piano sitini kwa mwaka. Mwaka uliopita zilikuwa kumi na tisa. Siku zilizobaki anatengeneza cherehani nyumbani kwake. "Cherehani haina makuu," anasema. "Itie mafuta, inakushukuru. Piano uitengeneze wiki nzima, mvua ikinyesha siku moja imekununia."

Hakusomea ufundi huu darasani. Alikuwa mfagizi katika chuo cha muziki alipomsikia fundi wa zamani, mzee mwenye mgongo mbovu, akisema kwamba amemaliza. Yeye, ufagio mkononi, akamwambia kwamba uzi mmoja wa juu bado haujakaa sawa.

"Alinikasirikia siku mbili," anakumbuka akicheka. "Siku ya tatu akanipa mkoba wake nimbebee. Sikuurudisha tena."

Lakini kilichomfanya ajulikane nje ya duara la wenye piano ni santuri moja iliyotoka mwaka jana. Ina nyimbo nane za zamani, za kubembeleza watoto, za kutwanga, za kufulia nguo, zilizopangwa upya kwa fidla, filimbi, piano na marimba. Katika wimbo wa tano, kila anayeijua piano hushtuka kidogo. Piano ile inapiga sauti ambazo piano haina. Mkono uliofanya hivyo ni wa Bi Sikio, na nyuma yake kuna kisa cha yeye na kaka yake.

Marimba inayosikika mle ilitengenezwa na baba yao, seremala wa milango na madirisha, kwa mbao zilizobaki karakana. Ina mbao kumi na nne. Baba alipofariki miaka sita iliyopita, watoto wake wawili waliitaka. Kaka mtu, fundi wa magari, akaichukua kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye aliyejua kuipiga. Dada mtu hakusema kitu, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

"Nilikwenda kwake siku moja nikaikuta stoo, imelazwa juu ya matairi," anasimulia. "Nikameza maneno. Toka siku hiyo tukawa watu wa shikamoo na marahaba. Tunaulizana hali za watoto, tunanyamaza."

Kwa hiyo alipoitwa kwenye kurekodi, hakujua kwamba mpiga marimba aliyealikwa ni kaka yake. Aliingia ukumbini na mkoba wake, akamkuta ameketi katikati ya watu ishirini na wawili wenye fidla na filimbi, amevaa shati lililonyooshwa likasimama, na ile marimba mbele yake imefutwa vumbi hadi inang'aa.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

Yakaishia hapo.

Siku ya kwanza walijaribu ule wimbo wa tano, wa kufulia nguo. Fidla zilianza vizuri. Marimba ikaingia, nayo vizuri. Kisha piano ikaingia, na ukumbi mzima ukakunja uso. Sauti nne za marimba hazikukubaliana na piano hata kidogo. Mpiga filimbi mmoja aliangua kicheko, akajifanya anakohoa.

"Ilikuwa kama watu wawili wanaogombania mlango mmoja, huyu anatoka, yule anaingia," anasema kiongozi wa okestra, ambaye wote humwita Mwalimu. Yeye ndiye aliyezipanga upya nyimbo zote nane, kazi iliyomchukua miaka mitatu. Alikuwa na ukumbi kwa siku tatu tu.

Kaka mtu aliviweka chini vijiti vyake vya kupigia, kimoja kando ya kingine, taratibu mno. Dada yake aliijua taratibu ile. Ndivyo baba yao alivyokuwa akiweka nyundo chini anapotukanwa na mteja.

Wakati wa mapumziko Mwalimu akamwita Bi Sikio pembeni. "Dada Fundi, ni mbao nne tu. Zigeuze, zikwangue kidogo kwa chini, zishuke. Nyingine uzipunguze nchani, zipande. Kazi ya saa moja."

Ilikuwa kweli, na fundi alilijua hilo. Mbao ya marimba husikia tupa na msasa kama uzi wa piano unavyosikia ufunguo. Tofauti ni moja: uzi uliokazwa unaweza kulegezwa, lakini mbao iliyokwanguliwa haijirudishii unga wake.

Alitegemea kaka yake angekataa, ili yeye asilazimike kusema lolote. Kaka hakukataa.

"Kama ni wewe utakayeshika tupa, sawa," alimwambia. "Mtu mwingine simpi."

"Afadhali angenizaba kofi," anasema Bi Sikio. "Miaka sita nimemnunia, nasema hajui thamani ya kile kitu. Halafu ananikabidhi hivi hivi, mikono miwili."

Aliibeba marimba hadi chumba cha nyuma, kilichojaa viti vibovu, akafungua kamba za mbao ya tatu, akaigeuza. Akavaa miwani. Chini ya mbao, katikati kabisa ambapo tupa ya baba yao ilikuwa imepita mara nyingi hadi kuacha kibonde, palikuwa na neno moja la penseli, kwa mwandiko wa seremala, herufi kubwa zilizolala upande: BASI.

Akafungua ya nne. BASI. Ya saba. BASI. Zote kumi na nne zilikuwa nalo.

"Baba alikuwa mtu wa kuandika vipimo tu, hajawahi kutuandikia hata barua," anasema, na hapa anavua miwani na kuipangusa kwa ncha ya gauni ingawa haina uchafu. "Lakini pale alikuwa amemwandikia mtu. Sijui nani. Yeyote atakayekuja na tupa."

Alizifunga mbao zote, akarudi ukumbini, akamkuta Mwalimu anakunywa chai akiwa amesimama.

"Mwalimu, mbao siigusi. Nipe piano."

"Piano ina nini?"

"Haina kitu. Naipeleka kwenye marimba."

Mwalimu anakiri kwamba alidhani anataniwa. "Nilimwambia, Dada, piano hii ina nyuzi zaidi ya mia mbili, na si yangu, ni ya kuazima! Akanijibu, 'Nyuzi nazijua, nilizihesabu kabla wewe hujaja mjini.' Na mimi ndiye niliyezaliwa mjini!"

Ilibidi mwenye piano, mkuu wa shule moja ya jirani, apigiwe simu. Akasema anachotaka ni kimoja, irudi kama ilivyokwenda. Wimbo wa tano ukasogezwa hadi siku ya tatu. Siku ya pili wakarekodi zile ambazo marimba haipigwi, na saa nane mchana walipomaliza, wakamwachia fundi ukumbi.

Hakuzigusa nyuzi zote. Alichagua sauti ambazo wimbo unazipitia, kisha akamwita kaka yake aketi kwenye marimba. Kaka anagonga mbao, dada anauvuta uzi hadi sauti mbili ziache kutetemeshana. Sauti nyingi za piano zina nyuzi mbili au tatu, kwa hiyo kila mbao ilimaanisha kazi ileile mara tatu, kisha tena kwenye sauti za juu na za chini. Walikwenda hivyo bila maneno, gonga, vuta, gonga, kwa muda wa saa mbili.

Kushusha hakukuwa na shida. Kupandisha ndiko kulikokuwa na hatari, maana nyuzi zilikuwa kuukuu. Walipofika mbao ya tisa, uzi mmoja ukalia mlio mwembamba kisha ukakatika, paa! ukamchana Bi Sikio juu ya kifundo cha mkono.

Kaka yake alikuwa ameruka kutoka kwenye kiti kabla hajajua kilichokatika ni nini. Alimfunga mkono kwa leso yake, leso yenye harufu ya grisi, akakaza fundo kama anayefunga mpira wa rejeta.

"Pole, mdogo wangu. Acha sasa. Watu watakwangua, yataisha."

"Kaka, umewahi kuzigeuza zile mbao?"

"Nizigeuze za nini? Mimi napiga juu."

Dada akamshika mkono, akampeleka kwenye marimba, akamgeuzia ya tatu. Kaka mtu alilisoma lile neno kwa muda mrefu kuliko neno la herufi nne linavyohitaji.

"Na mimi nikaziweka juu ya matairi," alisema hatimaye.

"Uliziweka palipo pakavu. Shika tochi, niunge uzi."

Walipofunga ukumbi jua lilikuwa linazama. Kesho yake waliingia tena alfajiri, kwa sababu piano iliyotolewa kwenye sauti zake hupenda kuzirudia, na nusu ya kazi ya jana ilikuwa imeshateleza.

Aliyepata taabu kuliko wote siku ya kurekodi ni mpiga piano, binti aliyesomea kazi yake miaka kumi na mbili. "Vidole vyangu vilikuwa vinajua, masikio yangu yanakataa," anasema. "Nilisikia kichefuchefu, nisiseme uongo. Bi Sikio akaniambia nisiisikilize piano, nimsikilize kaka yake, nimwitikie tu."

Walirudia mara sita. Kila waliposimama, fundi aliinuka kwenye kigoda chake kando ya piano, akaingiza kichwa, akazirudisha zilizoteleza, akakaa. Mara ya sita hakuna aliyekohoa. Ulipokwisha, Mwalimu hakushusha mikono, na watu wa fidla wakabaki na pinde zao hewani hadi mtu wa mitambo alipouliza kupitia dirisha la kioo kama wamelala.

Santuri ilipotoka, si wote waliofurahi. Msikilizaji mmoja aliandika kwamba ni aibu kurekodi na piano mbovu. Bi Sikio ameuhifadhi ujumbe huo kwenye simu na huwasomea wageni. Mteja wake wa miaka mingi alimpigia kumuuliza kama ni yeye aliyeiharibu piano ile. "Nikamwambia ndiyo, kisha nikaitengeneza, ukitaka nitakuja kuiharibu na ya kwako. Hajapiga tena."

Hukumu aliyoisubiri ilikuwa moja. Mama yao ana miaka themanini na mitatu na anaishi kwa kaka mtu. Walimwekea wimbo jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, yeye akichambua mchele. Marimba ilipoingia, vidole vilisimama. Piano ilipoingia, akainamisha kichwa.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo ninapopanda mimi."

Wanawe walitazamana. Hawakuwa wanajua. Ndipo akawaeleza, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa, kwamba baba yao hakuipima marimba kwa kitu kingine. Alikaa uani na tupa yake, mama akifua na kuimba, na kila mara alimkatiza, imba tena pale, imba tena pale, hadi maji ya sabuni yakapoa. Sauti ile ambayo piano haina ni ya koo lake, akiwa na miaka ishirini na mitatu.

"Lakini hao wenye fidla wanakimbia," aliongeza, akirudi kwenye mchele. "Nguo haifuliwi hivyo. Haitatakata."

Mwalimu amepelekewa ujumbe. Anasema atapunguza mwendo watakapopiga tena.

Tangu hapo Bi Sikio hupigiwa simu na watu wasio na piano. Mmoja ana marimba ya mjomba wake, mwingine zeze la babu, mwingine hajui kitu alichorithi kinaitwaje. Anakwenda na daftari la mistari, anasikiliza kila sauti, anaandika inapokaa, iko juu ya piano kiasi gani au chini yake. Hajatoza mtu. Yule binti wa piano humfuata siku za mapumziko, na sasa ndiye mwenye kushika kalamu. Mpaka wiki iliyopita daftari lilikuwa na vyombo kumi na kimoja.

Mipango yake ni kufika mia kabla masikio hayajachoka. Anasema la kushoto limeanza uvivu kwenye sauti za juu, na hamfichi mtu. Mwalimu anapanga nyimbo nyingine sita, na safari hii amemwomba daftari kabla hajaandika hata mstari mmoja.

Kengele ya shule inalia. Bi Sikio anafunika piano, anaupachika mkoba begani na kuuliza barabara ya kwenda kwa mjane mmoja mwenye zeze lililopungukiwa na uzi.

"Siwezi kumzuia mtu asikwangue," anasema akiwa mlangoni, daftari mkononi. "Watu wana haki ya kutengeneza mapya. Nataka tu, kabla hajashika tupa, awe na pa kuuliza."